Kelele za Ujenzi wa Bomba: Zipime Kabla Hujahamisha Zizi

Ndugu mfugaji, mitambo ya kuchimba mtaro wa bomba ikikaribia kijiji chako, dalili ya kwanza utaiona kwenye kukamua. Ng'ombe anasimama, masikio yote mawili yameelekea upande wa mitambo, na maziwa hayashuki mpaka ndama agonge kiwele mara nyingi kuliko kawaida. Usiku kundi linasimama badala ya kulala na kucheua. Baada ya wiki mbili baba wa kaya anasema heri tuhame. Makala haya yanakuomba usihame kwanza. Pima, andika, ndipo uamue, kwa sababu ukishahama hakuna tena cha kuonyesha.

Bomba linalozungumzwa zaidi kanda hii ni la mafuta ghafi, linaloanzia Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linapita mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mwanza haimo katika orodha hiyo, lakini mifugo ya kanda yetu haijui mipaka ya mikoa. Mwenye boma Sengerema au Misungwi anaweza kuwa na ng'ombe kwa kaka yake Chato au Kahama. Tena mabomba ya maji ya Ziwa Victoria, kama lile linalotoka Ihelele wilayani Misungwi kwenda Shinyanga na Kahama, nayo hulazwa kwa mtaro, katapila, greda na winchi. Kwa hiyo somo hili linafaa kwa bomba lolote.

Masikio ya ng'ombe si kama yako

Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti nyembamba hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ng'ombe husikia hadi karibu 35,000, na mbuzi na kondoo hupita hapo. Ndiyo maana mlio mwembamba wa gari linalorudi nyuma, au chuma kinachosagwa, unaweza kuwasumbua kuliko ngurumo nzito ya jenereta ambayo wewe ndiyo inayokukera.

Ng'ombe huzoea kelele ya mfululizo isiyobadilika. Jenereta likinguruma siku nzima mahali pamoja, baada ya siku kadhaa kundi hulipuuza. Kinachowaumiza ni kishindo cha ghafla: baruti, bomba la chuma linaloangushwa, honi. Ng'ombe akishtuka, mwili humwaga kemikali ya hofu ambayo huzuia ile inayoshusha maziwa. Maziwa yamo kiweleni, ila hayatoki. Ukimkamua kwa haraka na kumwacha hivyo kila siku, kiwele hupunguza kutengeneza, na maziwa yaliyobaki ndani hukaribisha ugonjwa wa kiwele.

Hatari kubwa zaidi ni kundi kukurupuka. Ukanda wa ujenzi wa bomba lile la mafuta una upana wa mita 30, na ndani yake kuna mtaro ulio wazi. Kundi likikurupuka usiku kuelekea mtaroni, hasara ya asubuhi moja huzidi maziwa ya mwaka mzima. Mwombe mkandarasi, kupitia serikali ya kijiji, aonyeshe vivuko vya mifugo kabla mtaro haujachimbwa, na akujulishe siku na saa ya kulipua mwamba ili kundi liwe malishoni upande wa mbali.

Sheria inasema nini

Viwango vinavyotumika nchini viko katika Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kelele hupimwa kwa desibeli. Mchana kwa kanuni hizo ni saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni saa 4 hadi saa 12 asubuhi.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole. Kuna jedwali la mazingira ya kawaida, na humo eneo la makazi linaruhusiwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kuna jedwali jingine la maeneo ya ujenzi. Humo shule, hospitali na majengo ya aina hiyo huruhusiwa 60 mchana na 50 usiku, na majengo mengine, nyumba yako ikiwemo, 75 mchana na 65 usiku. Tofauti ya 50 na 75 si ndogo. Kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio huhisi kama kelele imekuwa maradufu.

Mfugaji akilalamika kwamba nyumbani kwake kelele ni 62 mchana na kiwango cha makazi ni 50, mkandarasi atajibu kwamba yeye yuko kwenye ujenzi, kiwango chake ni 75, na hajakosea. Kwa jedwali la ujenzi jibu hilo ni sahihi. Lakini kelele hiyo hiyo ya 62 ikifika darasani, imevuka 60. Na kituo cha kusukuma mafuta kitakachobaki kikinguruma miaka mingi baada ya mafundi kuondoka si ujenzi tena. Hapo usikubali kuambiwa habari za 75. Ukisomewa kipimo chochote, swali lako la kwanza liwe hili: mmetumia jedwali lipi?

Swali la pili ni masharti ya cheti cha mazingira. Mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na masharti yake yanaweza kuwa makali kuliko kanuni. Miradi inayofuata miongozo ya kundi la Benki ya Dunia huwekewa 55 mchana na 45 usiku kwenye makazi, au kelele isizidi ile ya asili ya mahali hapo kwa zaidi ya desibeli 3. Mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kuuliza mradi wenu umeahidi nini.

Sasa jambo ambalo halipendezi. Katika majedwali hayo yote hakuna mstari wa zizi. Hakuna desibeli za ng'ombe mwenye mimba wala za lambo la kunyweshea. Sheria imepima masikio ya watu na majengo yao. Kwa hiyo ukienda na hoja ya ng'ombe peke yake, utasikilizwa kwa huruma na kurudi mikono mitupu. Nenda na vitu viwili pamoja: kelele iliyopimwa nyumbani kwako, na daftari la mifugo linaloonyesha kilichobadilika tarehe zilezile.

Kukadiria bila kifaa

Mtambo mkubwa wa kuchimba hutoa takriban desibeli 85 ukisimama mita 15 kutoka ulipo. Kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi, kelele hupungua kama 6. Mita 30 ni 79, mita 60 ni 73, mita 120 ni 67, mita 240 ni 61, mita 480 ni 55, na mita 960 ni 49. Mitambo miwili inayofanana ikifanya kazi pamoja haileti 170, bali huongeza 3 tu.

Tuseme boma lako liko mita 240 kutoka mtaroni, na mitambo miwili inafanya kazi. Ni 61 kuongeza 3, yaani 64. Mchana hawajavunja kiwango cha ujenzi. Usiku kiwango ni 65, wamepona kwa desibeli moja. Ukileta mtambo wa tatu usiku, wamevuka. Na kama jirani yako hapo ni shule ya msingi, wamevuka tangu asubuhi. Pima umbali kwa hatua: hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja.

Masikio yako nayo ni kipimo. Ikiwa wewe na mwenzako mmesimama mita mbili mbali na inabidi mpaze sauti ili msikilizane, kelele iko karibu na 80. Ikiwa mnapaza sauti mkiwa mita moja, iko karibu na 85, na kijana anayechunga hapo asikae siku nzima.

Programu za simu za kupima kelele zinasaidia, ingawa si ushahidi kamili, kwa kuwa simu moja husoma tofauti na nyingine. Tumia simu ileile kila mara, ishike usawa wa kifua, mbali na ukuta, upepo ukiwa mdogo, usome kwa dakika kadhaa. Namba zake zitakusaidia kumshawishi mwenye kifaa kilichohakikiwa aje.

Anza kupima kabla mitambo haijafika. Sisi wa kando ya ziwa tuna jambo letu: msimu wa mvua, vyura na nyenje peke yao wanaweza kuzidisha 35 za usiku. Usipokuwa na kipimo cha awali, utaambiwa kelele unayolalamikia ni ya vyura, na hutakuwa na jibu.

Upepo nao uandike. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu, usiku wa nchi kavu huvuma kwenda ziwani. Boma lililo kati ya mtaro na ziwa litasikia zaidi usiku, na lililo upande wa bara litasikia zaidi mchana. Usiku mtulivu wenye ubaridi chini, sauti husafiri mbali kuliko mchana wa jua, hata mtambo ukiwa uleule.

Daftari la mifugo

Chagua ng'ombe watatu au wanne wanaokamuliwa, usichague kundi zima. Pima maziwa yao kwa chombo kilekile, asubuhi na jioni, uandike. Mama wa kaya, ambaye mara nyingi ndiye anayekamua, ndiye mwandishi bora wa daftari hili, kuliko mzee anayerudi mnadani jioni. Andika tarehe, maziwa, saa kelele ilipoanza na kuisha, aina yake (baruti, honi, jenereta), mtambo ulikuwa hatua ngapi, upepo, na alichofanya mnyama: amekataa kukamuliwa, amekimbia lambo, hakucheua. Wiki mbili kabla ya ujenzi, muda wote wa ujenzi, na wiki mbili baada ya mitambo kupita. Kazi ya mtaro husogea, kwa hiyo maziwa yakirudi baada ya mitambo kuondoka, daftari lako limesema jambo zito.

Uwe mkweli na daftari. Kiangazi maziwa hupungua hata pasipo mtambo wowote, na ngitili ikiisha yanapungua zaidi. Ng'ombe akitupa mimba usikimbilie kulaumu baruti. Ugonjwa wa kutupa mimba upo, na unaambukiza watu. Usiguse kitoto kilichotupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, watoto na mbwa wasisogee, na umwite afisa mifugo wa kata apeleke sampuli. Majibu yakionyesha hakuna ugonjwa, na tarehe inaangukia siku ya mlipuko, hoja yako imepata nguvu ambayo kelele peke yake isingeipa. Homa ya ndigana nayo ipimwe kabla ya kusema ni hofu.

Pa kupeleka

Anza na ofisa wa mradi anayeshughulikia jamii. Miradi hii huwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Andikisha lako, udai namba ya kumbukumbu. Nakala mpe mtendaji wa kijiji, ili lijadiliwe kwenye mkutano na kuingia katika muhtasari. Lisipojibiwa, nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri, kisha ofisi ya NEMC ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza. Sheria ile ya 2004 inampa kila aishiye nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, kwa hiyo hujaenda kuomba fadhila.

Omba kitu kinachowezekana. Kusimamisha bomba hutaweza. Lakini kulaza jenereta nyuma ya kichuguu cha udongo uliochimbwa, kuacha kazi ya usiku karibu na mazizi, kupewa taarifa ya baruti siku moja kabla, au kuchimbiwa lambo la muda mbali na mtaro, hayo mkandarasi anaweza kuyafanya ndani ya wiki.

Wakija kupima, kifaa kiwekwe nje ya nyumba yako, si getini kwa mkandarasi. Mitambo yote iwe inafanya kazi, si mmoja umezimwa kwa ajili ya wageni. Omba namba uandikiwe, pamoja na saa na jedwali walilolinganisha nalo, nawe utie sahihi kwamba ulikuwepo. Na wakija saa tano asubuhi kupima kelele unayoilalamikia ya usiku, wakaribishe uji, kisha waambie warudi saa nne usiku.