Digrii Ngapi? Kuseti Taimingi, Gia na ESC Kwenye Gari la Mashindano la Rimoti

Nikikaa na watu wa magari ya rimoti, swali la kwanza huwa hilohilo: "Kaka, mota yako umeiweka digrii ngapi?" Hawaulizi gia. Hawaulizi joto. Wanataka namba moja waondoke nayo. Yangu siifichi, ila haitawafaa, kwa sababu namba ya taimingi haisemi kitu mpaka uitaje pamoja na gia uliyoifunga na joto ulilolipima baada ya dakika tano za mbio.

Kwanza niseme ninakokimbiza, maana ushauri wa mchanga haufai kwenye zulia. Klabu yetu iko Uingereza. Jioni tunatandika zulia kwenye ukumbi wa michezo na kukimbiza magari ya barabarani ya kipimo cha moja kwa kumi, mota ya 17.5, betri ya lipo ya seli mbili. Hiyo 17.5 ni idadi ya mizingo ya waya kwenye koili. Mizingo ikipungua, mota inakuwa kali zaidi: 13.5, 10.5, mpaka 4.5 kwa wale wa daraja huria wenye roho ngumu na pochi nene. Daraja la 17.5 tunalikimbiza kwa modi ya blinki. ESC, yaani kidhibiti mwendo, inawekwa isiongeze taimingi yoyote ya kielektroniki, na taa yake inapepesa ili mkaguzi aione. Kinachobaki mikononi mwako ni taimingi ya kwenye mota yenyewe, gia, na mipangilio michache ya ESC ambayo wengi wanaipita mbio.

Ndani ya mota hizi kuna rota ya sumaku inayozunguka katikati ya koili tatu. Sensa tatu ndogo kwenye kifuniko cha nyuma huiambia ESC sumaku imefika wapi, nayo ESC hubadilisha njia ya umeme mara sita katika kila mzunguko. Mota ikifika mizunguko 24,000 kwa dakika, hiyo ni 400 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unakwisha ndani ya milisekunde 2.5, na kila badiliko linapata milisekunde 0.4 hivi. Koili nayo haijai umeme papo hapo. Mwanzoni inaugomea, kisha inauachia upite. Mota ikizunguka polepole, kuchelewa huko hakuonekani. Ikizunguka kasi, umeme unajaa wakati sumaku imeshapita. Ndiyo maana tunawasha koili mapema kidogo, kama kiungo anayempigia winga pasi ya mbele badala ya miguuni. Digrii tunazozibishania mezani ni kipimo cha kuwahi huko.

Kuwahi kuna bei yake. Taimingi ya kwenye kifuniko ni moja tu muda wote. Inayokufaa mwisho wa njia ndefu inakuhujumu unapotoka kwenye kona kali, kwa sababu pale mota inazunguka polepole na koili zinawashwa mapema kuliko inavyotakiwa. Nguvu ya kukokota inapungua, ampea zinapanda, na umeme uliotakiwa kusukuma gari unageuka joto. Kwa hiyo ukiongeza taimingi bila kugusa gia, gari litakwenda kasi zaidi kwenye njia iliyonyooka, utafurahi kwa dakika mbili, kisha litaanza kulegea.

Hesabu ya gia si ngumu. Chukua meno ya gia kubwa, gawanya kwa meno ya pinioni, yaani gia ndogo ya kwenye mota, zidisha kwa uwiano wa ndani wa gari, ambao kwenye langu ni 1.9. Gia kubwa ya meno 84 na pinioni ya 42 zinatoa 3.8. Pinioni ya 41 inatoa 3.89, ya 40 inatoa 3.99. Ukipandisha taimingi, shusha pinioni ili mota ipate wepesi wa kuzunguka. Ukishusha taimingi, mota inapata nguvu ya kukokota, na pinioni inaweza kupanda. Mimi kwenye ukumbi mdogo wenye kona za kubana napendelea taimingi ya wastani na pinioni kubwa kidogo, kwa kuwa gari linatoka kwenye kona likiwa na uhai. Wapo wanaokwenda kinyume changu, wanapandisha taimingi hadi karibu na mwisho wa alama na kufunga pinioni ndogo, na wananishinda siku za ukumbi mkubwa. Sibishani nao.

Kuhusu hizo alama za kwenye kifuniko: usiziamini kutoka mota hadi mota. Digrii 40 ya kampuni moja yaweza kuwa kitu kingine kwa kampuni nyingine, na hata mota mbili za muundo mmoja hazilingani kabisa. Kama klabu ina kipima mota, kitumie. Iwashe mota ikiwa haina mzigo, kwa volti ileile kila mara, legeza skrubu za kifuniko, kizungushe kidogo kidogo na usome mizunguko na ampea kwa pamoja. Mwanzoni mizunguko itapanda vizuri huku ampea zikipanda kwa adabu. Utafika mahali ampea zinaruka na mizunguko inaongezeka kiduchu. Rudi nyuma kidogo kutoka hapo, kaza skrubu, andika ampea kwenye daftari. Siku ukibadilisha rota au ukinunua mota nyingine, zifuate ampea hizo, alama za rangi ziache.

Kipima mota kina balaa lake pia. Kuna watu wanashindana na mashine mezani, wanatafuta mizunguko mingi kuliko ya jirani, kisha gari linafika kwenye zulia likiwa zito kama limefunga breki. Mezani hakuna kona.

Pale uwanjani naanza na pinioni ndogo kuliko ninayoitarajia, meno mawili chini. Nakimbiza dakika mbili au tatu, nalirudisha gari na kupima joto hapohapo. Kipimajoto cha kuelekeza kinadanganywa na alumini inayong'aa, husoma chini ya ukweli, kwa hiyo elekeza kwenye lebo nyeusi au kwenye koili kupitia tundu, na iwe sehemu ileile kila mara. Joto likiwa chini ya nyuzi 55, naongeza jino moja. Mwisho wa mbio kamili ya dakika tano nataka mota isivuke nyuzi 70 sana. Ikikaribia 80 narudisha jino au napunguza taimingi. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kudhoofika karibu na nyuzi 80, na rota ikishapoteza nguvu kwa joto haijirekebishi ikipoa. Hata kabla ya hapo, ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Mota iliyoanza na nyuzi 25 ikamaliza na 75 ina ukinzani zaidi kwa karibu asilimia 20. Ndiyo sababu gari lenye gia ya tamaa huwa la kwanza raundi za mwanzo na la nne mwishoni.

Usihukumu kwa macho wala kwa sauti. Mota yenye taimingi kubwa inalia kwa ukali na inahisi kasi hata inapopoteza muda. Angalia wastani wa raundi tano mfululizo kwenye skrini ya transponda, ubadilishe kitu kimoja tu kabla ya kurudi.

Sasa ESC. Kabla ya yote rudisha rimoti kwenye mipangilio ya asili, mwisho wa triga asilimia 100 pande zote mbili, kisha fanya kalibresheni: katikati, gesi kamili, breki kamili. Gari ambalo halifiki gesi kamili litakufanya uhangaike na gia bure. Chagua modi ya mbele na breki bila rivasi. Taimingi ya kifuniko inafanya kazi kwa upande mmoja tu wa mzunguko. Mota ikizungushwa kinyume, kuwahi kunageuka kuchelewa.

Kwenye panchi, yaani ukali wa gari linapoondoka, na masafa ya umeme wa gesi sikai sana. Masafa ya chini yanalipa gari ukali mwanzoni mwa triga, ya juu yanalilainisha na kuipasha ESC moto zaidi. Zulia likishika vizuri weka ukali, likiteleza lainisha.

Ninapokaa ni kwenye breki ya kuburuza, ile inayoshika yenyewe ukiachia triga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko digrii tano za taimingi, na ni bure. Ikiwa sifuri, gari linaserereka kuingia kwenye kona na mbele hakushiki. Ikizidi, mkia unalegea na gari linageuka ghafla. Naanza na asilimia 5, napanda kidogo kidogo mpaka niweze kuachia triga na gari lielekee lenyewe kwenye ncha ya kona bila mimi kugusa breki.

Kwa wasiofungwa na blinki, kuna busti na tabo. Busti inaongeza taimingi kadiri mizunguko inavyopanda, kati ya kiwango unachochagua na kingine. Tabo inaingia ukiwa kwenye gesi kamili pekee, baada ya kuchelewa kidogo. Zote zinajumlishwa juu ya taimingi ya kifuniko, kwa hiyo shusha kwanza ya kifuniko, funga pinioni ndogo zaidi, ndipo uanze kuongeza. Ukiweka tabo ya digrii 20 inayoingia kwa digrii 6 kila sehemu ya kumi ya sekunde, itachukua sekunde 0.33 kufika yote. Kama njia yako ndefu ni ya sekunde 1.5, hiyo inatosha. Kama njia ni fupi mno, tabo itafika gari likiwa linakaribia breki, na utakuwa umelipa joto kwa kitu ambacho hukukitumia. Ongeza kasi ya kuingia, au izime kabisa ubaki na busti.

Na ukinunua ESC ya mkononi, kabla hujalaumu taimingi kwa gari linalotetemeka kuanza mwendo, badilisha waya wa sensa. Ni bei ndogo, na pini zake huchoka kabla ya kitu kingine chochote.