Somo la Bustani: Peoni, na Mwasumini Wetu

Katika somo la bustani la safari hii tumeombwa tueleze habari za ua ambalo wengi wetu tumeliona maisha yetu yote bila kulijua jina. Ni lile ua kubwa jekundu au la rangi ya waridi, lenye petali zilizobanana kama kabichi, ambalo mafundi wa China hupenda kulichora kwenye sinia, mabakuli na chupa za chai. Bila shaka limo nyumbani mwako, au mwa mama yako. Jina lake ni peoni. Wachina wamelipanda na kulisifu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ombi lilitoka kwa binti mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akijiandaa kwa arusi. Alikuwa amekwisha kuona picha za maarusi wa ng'ambo wakiwa wameshika peoni, akatuuliza sisi tunaoshughulikia maua ya altare kama haliwezi kuoteshwa hapa Unguja. Jibu la haki lilikuwa ni "hapana". Lakini sisi tulikuwa na hamu, na tuseme kweli, tulipenda pia sifa. Mgeni alitufikishia mizizi mitano kutoka Uingereza, na karatasi zake za ukaguzi wa mimea (msomaji asije akaleta mizizi ya ng'ambo mfukoni, maana huo ndio mlango wa maradhi ya mimea). Tukaipanda mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe, tukidhani hiyo ndiyo baridi.

Mizizi miwili ilitoa majani, membamba na mekundu kama vidole vya mtoto. Mitatu haikutoa kitu. Mvua za vuli zilipokuja, yote mitano ikaoza, na tulipoifukua ilinuka.

Sababu yake inafaa kujulikana, kwa kuwa inahusu mimea mingi ya nchi za baridi ambayo watu hutaka kuijaribu. Peoni ni mmea unaolala. Kila mwaka majani yake hufa, na mzizi hukaa chini ya ardhi muda wote wa baridi. Kwenye mzizi kuna macho madogo mekundu, na macho hayo hayaamki sawasawa mpaka yamepata majuma mengi, sita au zaidi, ya baridi kali inayokaribia ile ya barafu. Huku kwetu, nyuzi sita kusini ya Ikweta, hata usiku wa Julai joto halishuki kufikia baridi hiyo. Kwa hiyo mzizi haupati usingizi wake. Hukaa macho, hutumia akiba yake, huchoka, kisha kuvu huumaliza. Kuuwekea barafu, kama alivyoshauri kijana mmoja, ni kuwapa kazi wauza barafu.

Kama una mtoto au ndugu anayekaa Uingereza au Kanada, mwambie ajaribu yeye. Apande mzizi mwezi wa Septemba au Oktoba, mahali penye jua na pasipotuama maji. Macho yafunikwe kwa udongo usiozidi vidole viwili vya upana, kwani yakizama zaidi mmea hutoa majani tu bila maua. Asiuhamishe, wala asikate tamaa mwaka wa kwanza na wa pili. Ukishakubali mahali pake, peoni huweza kuishi miaka hamsini na zaidi, na watu hurithi kichaka cha bibi yao.

Tulipoandika neno hilo, kurithi kichaka cha bibi, ndipo tulipokumbuka jambo ambalo tungelianza nalo.

Huko nyuma ya Mkunazini yuko bibi mmoja ambaye kwa miaka mingi ametupa asumini za altare. Mwasumini wake umeota uani, ukutani, na umri wake haujulikani. Yeye aliukuta alipoolewa. Sasa ukuta ule umepasuka na mafundi wamesema lazima ubomolewe mpaka chini na kujengwa upya. Mwasumini umeshikamana nao, mizizi imeingia kati ya mawe, na hauwezi kung'olewa ukiwa hai. Kazi itaanza baada ya mvua.

Msomaji ataweza kusema, si utapandwa mwingine? Naam, lakini utapandwa kutoka wapi? Mwasumini wetu huu, hasa ule wa petali nyingi uonekanao kama kiwaridi kidogo, hauzai mbegu. Tangu ulipoletwa pwani hii kutoka nchi za bahari ya Hindi ya mashariki, umepita mkono kwa mkono, kipande cha tawi baada ya kipande. Kila mwasumini ulio mjini ni tawi la mwasumini wa mtu fulani. Ikiwa hakuna aliyekata tawi, mti ukifa ndio mwisho wake. Na tukitazama huku na huku mjini, nyua zenye miasumini ni chache kuliko zamani, na katika vyombo vyetu vya maua kanisani yameanza kuonekana maua ya plastiki.

Basi tulikwenda tukakata vipande arobaini. Kosa letu la pili ndilo hili, nasi tunalieleza ili wengine wasilirudie. Tulijaza makopo kwa udongo wa palepale uani, ukiwa mweusi na wa kupendeza macho, tukachoma vipande, tukamwagilia. Baada ya mwezi majani yakawa ya manjano, mishipa tu imebaki kijani, na vipande thelathini na kimoja vikafa. Bibi aliuchukua udongo kidogo kiganjani, akausugua, akacheka. Akasema, "Wanangu, huu si udongo. Hii ni nyumba iliyosagika."

Alikuwa na haki. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hata kanisa letu, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873, ni la mawe ya matumbawe. Miaka nenda rudi chokaa hudondoka na kuchanganyika na ardhi. Katika udongo wenye chokaa nyingi madini ya chuma yamo, lakini mmea hauwezi kuyanywa, na majani machanga hugeuka manjano. Kwa hiyo tusitie majivu ya jikoni kwenye maua ya mjini, ingawa mama zetu wa shamba hufanya hivyo kwa faida. Majivu huzidisha ubaya uleule wa chokaa. Mwasumini wa bibi wenyewe umeishi kwa sababu mizizi yake imekwenda mbali, na kwa sababu yeye humwaga hapo maji ya kuoshea mchele na maganda ya jikoni kila siku.

Udongo mzuri uko upande wa magharibi ya kisiwa, kuelekea Bububu, Dole na Kizimbani. Kiroba kimoja cha udongo huo mwekundu chatosha makopo mengi. Uchanganye sehemu mbili za udongo, sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Hapa pana hadhari. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaloweke katika maji baridi siku tatu na kubadilisha maji, au tafuta makumbi makavu ya shamba. Wenzetu wa Jambiani, Paje na Makunduchi, ambako ni mawe matupu, wanajua zaidi kuliko sisi namna ya kujaza shimo la jiwe kwa taka na majani mpaka likawa bustani.

Kukata vipande hakuna ugumu. Chagua tawi lisilo changa sana wala lisilo gumu kama ukuni, lile ambalo ukilikunja hujipinda kwanza kabla ya kuvunjika. Kata urefu wa shibiri moja, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, nayo ukayakate nusu ili yasinywe maji mengi. Zika vifundo viwili. Weka kopo kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope, na usivute kipande kila asubuhi ukitazama kama kimeota! Mizizi huja baada ya majuma manne hadi sita. Mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli ndiyo majira mazuri. Asiye na hakika na mkono wake afanye njia ya pili. Tawi refu lililo karibu na ardhi alikwaruze kidogo ganda upande wa chini, alilaze, alifunike udongo na kuliwekea jiwe, kisha alikate baada ya miezi mitatu, likiwa limekwisha kuwa na mizizi yake.

Mwasumini unataka jua, saa sita kwa siku kama yaweza kupatikana. Katika nyua zetu nyembamba jua hupita kama mgeni mwenye haraka, kwa hiyo wengi watafanya vema kuweka makopo juu ya paa. Ukikosa jua utarefuka na kujaa majani bila maua. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi. Ukiona kingo za majani zimekauka kama zilizochomwa, acha maji hayo na ukinge ya mvua.

Sasa tuje kwenye kupogoa, ambako watu wengi huogopa. Asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Mti usiokatwa huwa mzee juu na uchi chini, na maua yake hupungua. Tangu matawi yakatwe mpaka maua kuja, hupita majuma sita hadi manane. Kwa bahati kalenda ya kanisa inatusaidia. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46, na katika Kwaresima hatuweki maua altareni hata hivyo. Basi pogoa katika juma linalotangulia Jumatano ya Majivu. Ondoa theluthi moja ya kila tawi, ukate yaliyokufa na yanayosongana, tia mikono miwili ya samadi iliyooza, na umwagilie asubuhi na alasiri, maana huo ni wakati wa kaskazi na joto ni kali. Pasaka ikifika, mti utakuwa umejaa matumba. Kwa Krismasi pogoa kidogo tu mwishoni mwa Oktoba. Tumeyaona haya kwenye mti wa bibi miaka mingi, ingawa yeye hakuwahi kuyaeleza. Alikuwa akikata tu, nasi tukidhani anasafisha.

Wadudu si wengi. Wale weupe kama pamba wanaokaa kwenye vifundo waoshe kwa maji ya sabuni. Viwavi wadogo hutoboa matumba, yakageuka rangi ya zambarau na kuanguka. Yaokote uyachome, usiyaache chini.

Kuchuma ni alasiri, wakati matumba yamejaa na kuwa meupe lakini hayajafunguka, kwani hufunguka usiku. Wanaotunga vikuba vya asumini na rehani wanalijua hili vizuri kuliko mkulima yeyote. Kwa ibada ya Jumapili asubuhi, chuma Jumamosi saa kumi, funga katika kitambaa chenye maji au jani la mgomba, weka penye baridi. Usiyasimamishe kwenye chombo kirefu, kwani vikonyo vyake ni vifupi. Yatunge koja, au yaelee katika bakuli pana la maji. Hayatafika Jumatatu, nasi tusiyalaumu kwa hilo.

Yule binti aliolewa mwezi wa Agosti, na alishika asumini na waridi zilizotoka bara. Alisema harufu ilimfurahisha, ila bado anazitazama picha za peoni.

Vipande tisa vilivyosalia sasa vimeota, na tumekwisha kukata vingine thelathini katika udongo mwekundu, na ishirini na sita vinaonyesha majani. Tunatafuta nyumba za kuvilea kabla ukuta haujabomolewa, na tungependa zaidi visikae mahali pamoja, ili moja ukifa mwingine upatikane. Mwenye nafasi ya jua, iwe ni paa, dirisha au shamba, na atufikie mlango wa nyuma wa kanisa baada ya ibada ya Jumapili. Aje na kopo la rangi au debe la mafuta lililooshwa, lenye matundu manne chini. Bibi ameomba atakayechukua amwambie anakaa mtaa gani.