Shule ya Watoto 112

Michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016, shule nyingi za msingi nchini zilifurika. Ile niliyohamishiwa mwaka uliofuata, juu kwenye Milima ya Usambara, haikufurika. Nilitoka Tanga mjini, ambako Darasa la Tatu peke yake lilikuwa na watoto 140. Nilipoambiwa huko mlimani shule nzima ina wanafunzi 112, nilidhani nakwenda kupumzika. Nilikaa miaka minne.

1. Hesabu ya vichwa huipunja shule ndogo.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa kiwango hicho walimu watatu tulitosha, tena tukabaki na ziada. Lakini madarasa yalikuwa saba, na la awali la nane. Mwalimu mkuu akiitwa kikao wilayani, Lushoto, tunabaki wawili, kila mmoja na vyumba viwili, ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki: huku la Pili, huku la Tatu.

Ruzuku nayo ilikuja kwa vichwa. Shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. 4,000 zilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 zilifika shuleni. Kwetu hiyo ni 672,000, yaani 56,000 kwa mwezi. Bodaboda ya kwenda kutoa fotokopi za mtihani haikuuliza tuna watahiniwa tisa au tisini. Nauli ilikuwa ileile.

2. Majina niliyajua kwa wiki mbili, usomaji wao kwa muhula mzima.

Kulikuwa na kijana wa Darasa la Tatu aliyesoma kwa sauti bila kukwama, nami nikamsifu mbele ya wenzake. Siku moja nikaweka kidole kwenye neno la katikati ya ukurasa. Akanyamaza, akarudi mwanzo wa habari, akaanza kuitiririsha hadi akalifikia. Alikuwa ameikariri yote mwaka uliopita, akiwa la Pili, akiwasikiliza la Tatu ng'ambo ya ule mstari wa chaki. Nyumbani walizungumza Kisambaa, na Kiswahili cha kitabuni alikishika kama wimbo. Tulirudi kwenye silabi, yeye na mimi, dakika kumi kila siku baada ya uji. Mjini nisingempatia hizo dakika kumi. Lakini pia mjini asingeipata nafasi ya kunidanganya hivyo.

3. Utoro hauna pa kujificha.

Siku ya gulio, kufikia saa mbili asubuhi tulishajua nani kabeba kabichi. Nilimwendea bibi mmoja kumuuliza mjukuu wake yuko wapi. Akanijibu bila kuinuka: "Nisamehe mwalimu, kabichi haingoji." Jumatatu mtoto alikuja, na bibi akamsindikiza mwenyewe.

4. Udhaifu wa mwalimu mmoja hukaa miaka.

Hili ni langu, na linaniuma. Nilifundisha Hisabati kuanzia la Nne hadi la Saba, na sehemu zilikuwa zikinitisha tangu nikiwa mwanafunzi. Nilizipitia mbiombio. Katika shule kubwa mtoto angekutana na mwalimu mwingine mwaka unaofuata akarekebishwa. Wa kwetu walikutana na mimi, na mimi, na mimi tena. Nilipowaona la Saba wakijumlisha nusu na theluthi na kupata mbili ya tano, niliutambua mwandiko wangu mwenyewe.

Nilimweleza Afisa Elimu Kata. Tukakubaliana na shule jirani: Alhamisi mwalimu wao anakuja kufundisha Hisabati, mimi nakwenda kwao kufundisha Kiswahili. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na wakati wa masika njia ni utelezi mtupu.

5. Asilimia ya watu tisa ni kelele.

Mwaka mmoja watahiniwa wetu wa la Saba walifaulu wote. Tulipongezwa kwenye kikao cha kata. Uliofuata walifaulu saba kati ya tisa, ikaandikwa asilimia 78, na mwalimu mkuu akaitwa kujieleza. Walimu walikuwa walewale, na vitabu vilevile. Mmoja wa wale wawili alifiwa na mama yake Julai, na mtihani ulikuwa Septemba.

6. Kuzoea kujulikana nako kuna gharama yake.

Binti mmoja tuliyemtegemea sana alikwenda sekondari ya bweni. Likizo ya kwanza alipita shuleni kutuamkia. Nilimuuliza masomo yanaendaje, akasema ni mazuri, maabara ipo. Kisha akasema, akitazama viatu vyake: "Mwalimu, nilikaa wiki tatu hakuna aliyeniita kwa jina. Nilidhani nimekosea kitu."

Sikuwa na jibu. Nilimpa uji, akanywa akiwa amesimama mlangoni, huku wadogo wa Darasa la Kwanza wakimwita jina lake kutoka uwanjani.