Malezi katika Familia Kubwa za Washika Dini: Kijitabu kwa Wazazi na Wazee wa Kanisa

Kijitabu hiki hakikukusudiwa kumlaumu mtu kwa kuzaa watoto wengi wala kwa kumcha Mungu, kwani yote mawili ni mambo ya heshima. Kilichotusukuma kukiandika ni hali ya watoto ambao, katikati ya sala na nyimbo za kila siku, hawampati hata mtu mmoja wa kuwauliza kama wamechoka.

Mfano ulio wazi kupita yote watoka Marekani, ambako, baada ya Mary Pride kuchapisha kitabu chake The Way Home mwaka 1985, ilistawi harakati iitwayo Quiverfull, iliyopata jina lake katika podo la mishale linalotajwa na Zaburi ya 127, na ambayo wafuasi wake, kwa kuitakidi kwamba kila mimba ni amana ya Mungu, hukataa njia zote za kupanga uzazi. Aghalabu watoto wao husomeshwa nyumbani, na kwa kuwa katika majimbo kama Texas na Oklahoma mzazi halazimiki hata kuiarifu serikali, mtoto aweza kukua asizoeane na mtu mzima yeyote aliye nje ya ukoo na kanisa lake.

Mzigo mzito humwangukia binti mkubwa. Katika familia ya Duggar ya Arkansas, yenye watoto 19, iliyoanza kuonyeshwa mfululizo katika televisheni mwaka 2008, watoto wakubwa walikabidhiwa wadogo zao wawavalishe, wawalishe na kuwafundisha, na watazamaji wakaustaajabia utaratibu ule. Kumsaidia mama ni adabu njema, na huku kwetu hakuna nyumba isiyoijua. Lakini binti wa miaka 12 anayeamka usiku kumbembeleza mtoto mchanga, alfajiri akapika, kisha akawasomesha wenziwe kabla hajasoma mwenyewe, huyo ametwikwa umama asioutaka, na asiponung'unika si dalili kwamba hakuchoka.

Hanung'uniki kwa sababu amefundishwa hivyo. Bill Gothard, mhubiri ambaye familia ya Duggar ilifuata mafundisho yake, aliyeanzisha taasisi yake ya kidini mwaka 1961 na kujiuzulu mwaka 2014 kwa tuhuma za wanawake wengi, alifundisha kwamba mamlaka ya baba ni mwavuli, na kwamba atokaye chini yake hujiweka wazi kwa mashambulio ya Shetani. Utii unaotakiwa hapo ni wa papo hapo na wenye uso wa furaha, hata huzuni ya mtoto ikahesabiwa kuwa uasi, naye akaanza kuishuku dhamiri yake mwenyewe. Kipindi cha televisheni cha familia hiyo kilikomeshwa mwaka 2015, baada ya kufichuka kwamba baadhi ya mabinti walidhulumiwa kingono na kaka yao walipokuwa wadogo, na kwamba jambo hilo wazazi walilipeleka kwanza kwa wazee wa kanisa.

Kwa hiyo twawasihi wazee na walimu wa shule ya Jumapili, mnapoizuru nyumba yenye watoto wengi, msiridhike na utulivu wao. Zungumzeni na binti mkubwa pasipo wazazi wake kuwapo, mahali pa wazi, akiwapo mama mmoja anayemwamini. Muulizeni hulala saa ngapi, wiki hii amesoma nini, na lini alicheza mara ya mwisho, kisha mumsikilize pasipo kumjibu kwa aya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa haki za mtoto, pamoja na chakula na elimu. Wazazi nao wawagawie kazi wavulana sawa na wasichana, na mtoto mchanga usiku awe wa baba na mama.

Mtoto akieleza kwamba ameguswa vibaya au amepigwa hata akaumia, msiitishe baraza la familia, wala msimtake asamehe kwanza. Mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii au polisi siku ile ile, au pigeni 116, simu ya watoto isiyo na malipo, Kenya na Tanzania.