Kupaka Rangi Modeli ya Spitfire kwa Brashi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unahusu modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ya Uingereza, Spitfire Mk I, skeli 1/72, katika rangi za kiangazi cha mwaka 1940. Modeli iwe imeshaunganishwa na gundi imekauka. Kioo cha rubani kisibandikwe bado.

Katika skeli hii, milimita 1 ya modeli ni milimita 72 za ndege halisi. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na bamba la milimita 7.2 juu ya ndege yenyewe. Kwa hiyo paka matabaka membamba, na usipake tabaka jipya kabla la chini yake halijapita ukaguzi.

Istilahi

- Praima: rangi ya kwanza, inayoshika plastiki.
- Mifereji: mistari iliyochongwa kuonyesha maungio ya mabati.
- Stika: alama zinazolowekwa majini ili ziachane na karatasi yake.

Vifaa

- Praima ya kijivu ya kopo la kupuliza, iliyoandikwa kuwa inafaa plastiki
- Rangi za akriliki za maji: Sky (kijani hafifu chenye umanjano, si buluu), Dark Earth (kahawia) na Dark Green (kijani kilichokoza)
- Vanishi ya akriliki ya kung'aa, na nyingine isiyong'aa
- Brashi bapa ya milimita 6 na brashi ya ncha namba 0
- Tepu ya karatasi, msasa namba 2000, pamba za masikio, penseli laini
- Rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyokoza, na tapentaini
- Barakoa, glavu, dawa ya kulainisha stika, gundi nyeupe ya mbao

Hatua

1. Osha modeli kwa maji ya vuguvugu yenye matone 2 ya sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki laini. Suuza, kisha iache saa 2. Kuanzia hapa ishike kwa glavu. *Ukaguzi:* hakuna maji yaliyobaki kwenye mifereji.

2. Puliza praima. Ziba nafasi ya rubani kwa karatasi laini yenye unyevunyevu. Vaa barakoa, tikisa kopo dakika 2, puliza kutoka sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya modeli, pita juu yake, malizia nje. Fanya hivyo mara 2, ukiacha dakika 15 katikati. Usipulize siku ya mvua: unyevu huacha ukungu mweupe. Subiri saa 24. *Ukaguzi:* mifereji yote inaonekana. Chembe za vumbi ziondoe kwa msasa uliolowa.

3. Paka Sky upande wa chini kwa brashi bapa. Changanya sehemu 2 za rangi na sehemu 1 ya maji. Paka matabaka 3, ukiacha saa 1 kila mara. Tabaka la kwanza litakuwa na madoa, liache. Ukilirudia likiwa nusu bichi, brashi itang'oa ngozi ya rangi. Subiri saa 24. *Ukaguzi:* bandika kipande cha tepu, kibandue. Kisitoke na rangi.

4. Funika Sky kwa tepu. Bandika tepu kwanza kwenye kioo safi ili kupunguza nguvu ya gundi yake. Kisha paka Sky juu ya ukingo wa tepu: rangi itakayopenya itakuwa ileile ya chini. Subiri saa 1.

5. Paka Dark Earth upande wote wa juu, matabaka 3, kwa vipimo vya hatua ya 3. Subiri saa 24.

6. Chora kwa penseli mipaka ya mabaka kama karatasi ya maelekezo inavyoonyesha. Paka mipaka kwa brashi ya ncha, kisha jaza katikati kwa brashi bapa, Dark Green, matabaka 2. Subiri saa 24, kisha bandua tepu polepole ukiikunjia nyuma. *Ukaguzi:* alama za penseli hazionekani.

7. Paka vanishi ya kung'aa, matabaka 2. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo vinavyonasa hewa chini ya stika. Subiri saa 24.

8. Bandika stika moja moja. Loweka sekunde 20, itoe, ngoja iteleze bila kulazimishwa. Bonyeza kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Subiri saa 12. *Ukaguzi:* inamisha modeli kwenye mwanga. Penye weupe pana hewa: toboa kwa pini, tia tone la dawa ya kulainisha, bonyeza tena. Mwishoni rudia tabaka 1 la vanishi ya kung'aa, subiri saa 24.

9. Jaza mifereji. Changanya sehemu 1 ya rangi ya mafuta na sehemu 10 za tapentaini. Usitumie tina, huyeyusha plastiki. Gusa mfereji kwa ncha ya brashi, mchanganyiko utatambaa wenyewe. Baada ya dakika 30, futa ziada kwa pamba kutoka mbele kwenda nyuma. Subiri saa 48.

10. Paka vanishi isiyong'aa, tabaka 1. Koroga hadi chini ya chupa, maana kinachoondoa mng'ao hutuama. Subiri saa 24. *Ukaguzi:* chini ya taa, hakuna sehemu inayong'aa.

11. Toa karatasi iliyoziba nafasi ya rubani, kisha bandika kioo cha rubani, fremu ikiwa imeshapakwa, kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya plastiki hutia kioo ukungu, na ukungu huo haufutiki.