Sekondari ya Juu: Chagua Masomo kwa Kuangalia Mlango Unaotaka Kufungua

Mwezi Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 kote nchini. Hao ndio watakaomaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Wakati huohuo, wenzao wa mfumo wa 8-4-4 wako Kidato cha Tatu na cha Nne, na wa mwisho wao watafanya KCSE mwaka 2027. Kwa hivyo, katika boma moja la Mwingi au Kibwezi unaweza kuwakuta watoto wawili wanaosoma kwa mifumo miwili, na mzazi mmoja anayetakiwa kuwashauri wote.

Makala haya yanawalenga wanafunzi wa Gredi ya 9 wanaojiandaa kuchagua, wale walio Gredi ya 10 tayari, na wazazi wao. Ushauri wetu mkuu ni huu: usichague somo kwa sababu lina sifa au kwa sababu rafiki yako amelichagua. Anza na kazi unayoitaka, rudi nyuma uone kozi yake inadai masomo gani, kisha uhakikishe kwamba shule unayoiendea inayafundisha.

Mikondo mitatu kwa ufupi

Sekondari ya juu ina mikondo mitatu. Wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana kama STEM. Humo mna baiolojia, kemia na fizikia, lakini pia kilimo, masomo ya kompyuta, sayansi ya nyumbani, umeme, ujenzi na useremala. Wa pili ni Sayansi ya Jamii, wenye lugha na fasihi, historia, jiografia, dini na masomo ya biashara. Wa tatu ni Sanaa na Michezo, wenye muziki na densi, uigizaji na filamu, sanaa za mikono na michezo.

Kila mwanafunzi, awe mkondo wowote, anasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Juu ya hayo anachagua masomo matatu. Hisabati ni ya aina mbili: walio STEM wanasoma hisabati ya kina, na walio katika mikondo mingine wanasoma hisabati ya matumizi ya kila siku. Anayefikiria kozi zenye hesabu nyingi, kama uhandisi au takwimu, asiione tofauti hiyo kuwa ndogo.

Anza mwishoni, kisha rudi nyuma

Tuseme msichana wa Gredi ya 9 anataka kuwa muuguzi. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina matawi Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu, kwa hivyo ndoto yake haiko mbali na nyumbani. Lakini kozi za afya hujengwa juu ya baiolojia na kemia. Akichagua historia, jiografia na biashara kwa kuwa marafiki zake wamefanya hivyo, anaweza kufaulu vizuri sana mwaka 2028 na bado akakuta mlango umefungwa. Hapo kosa litakuwa la siku ya kuchagua, ingawa bidii alikuwa nayo.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa kazi nyingine. Anayetaka uhandisi wa maji ahitaji fizikia na hisabati ya kina. Katika eneo letu hiyo ni kazi halisi: mabwawa ya mchanga yamejengwa kwenye mito mingi ya msimu ya Kitui na Makueni, na Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018, liko mpakani mwa kaunti hizi mbili. Anayependa kilimo na kemia aangalie kiwanda cha matunda cha Kalamba, Makueni, kinachosindika maembe. Anayependa ushonaji na ubunifu wa mavazi aangalie kiwanda cha nguo cha Syongila, Kitui.

Sayansi ya Jamii nayo si mkondo wa walioshindwa sayansi. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, ni mzaliwa wa Kitui. David Maillu, mmoja wa waandishi waliotoa vitabu vingi zaidi nchini, anatoka Kilungu, Makueni. Sheria na uandishi vinadai mtu anayesoma sana, anayeandika vizuri na anayeweza kujenga hoja. Na katika mkondo wa Sanaa na Michezo, mwenye kipawa cha ngoma, filamu au riadha sasa anaweza kukisomea na kutahiniwa, badala ya kukifanya baada ya masomo tu.

Kabla ya kuamua, chukua matokeo yako ya Gredi ya 9. Kila somo hupewa kiwango chake katika ngazi nane, kuanzia EE1 iliyo juu kabisa hadi BE2 iliyo chini. Yatazame somo kwa somo. Masomo unayofanya vizuri bila kusukumwa yanakuambia mengi kuliko jina la mkondo.

Iulize shule maswali manne

Si kila shule inafundisha kila mchanganyiko wa masomo. Mzazi na mwanafunzi waulize:

1. Je, mchanganyiko tunaoutaka unafundishwa hapa?
2. Je, kila somo kati ya hayo matatu lina mwalimu wake?
3. Kama ni sayansi, je, maabara inatumika, na wanafunzi hufanya majaribio mara ngapi?
4. Gharama yote kwa muhula ni kiasi gani, pamoja na nauli au bweni?

Shule ya kutwa iliyo karibu, yenye mwalimu wa kemia na maabara inayotumika, inaweza kumfaa mtoto wako kuliko shule ya bweni yenye jina kubwa ambayo haina somo analolihitaji.

Ukiwa tayari Gredi ya 10 na umegundua kwamba mchanganyiko wako hauelekei unakotaka kwenda, zungumza na mwalimu wa ushauri sasa. Kadiri mihula inavyopita, ndivyo kuhama kunavyozidi kuwa kugumu, kwa sababu kuna kazi za mradi na tathmini za shuleni ambazo hutakuwa umezifanya.

Ifahamike pia kwamba chini ya Katiba ya 2010, shule za sekondari ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Serikali za kaunti zinasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa hivyo, maswali kuhusu nafasi na uhamisho yapeleke kwa mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kuhusu basari za kaunti na vyuo vya ufundi, fika katika ofisi ya wadi yako.

Kuchagua ni nusu ya kazi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ukishachagua, kinachobaki ni kulima, na namna ya kulima ina maana.

Wanafunzi wengi hudurusu kwa kusoma daftari mara tatu au nne. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma habari fulani mara mbili na wale walioisoma mara moja kisha wakajaribu kuiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Mtihani hauji baada ya dakika tano. Kwa hivyo funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulichoacha.

Katika hisabati, fanya hivyo kwa vitu unavyoviona. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Paa la mabati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 lina mita mraba 30. Mvua ya milimita 20 itatoa lita 600. Tukichukulia kwamba asilimia 20 inapotea, zinabaki lita 480, sawa na mitungi 24 ya lita 20. Sasa funika hesabu hii na uifanye tena peke yako. Kisha badilisha ukubwa wa paa. Kisha igeuze: ili kujaza tangi la lita 2,000, inahitajika mvua ya milimita ngapi? Ukiweza kuigeuza, umeielewa.

Jambo lingine ni lugha. Sayansi hutahiniwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwanza kwa Kikamba au Kiswahili. Mweleze mwenzako jambo hilo kwa lugha mnayoielewa vizuri, kisha liandike kwa Kiingereza. Ukikwama katika hatua ya kwanza, hujaelewa somo. Ukikwama katika ya pili, unahitaji msamiati tu.

Mfano wa ratiba ya jioni

Ratiba hii ni ya mwanafunzi wa kutwa anayesoma baiolojia, kemia na kilimo. Kila jioni ina vipindi viwili vya dakika 40, na mapumziko ya dakika 10 katikati.

- Jumatatu: hisabati, baiolojia
- Jumanne: Kiingereza, kemia
- Jumatano: hisabati, kilimo
- Alhamisi: Kiswahili, baiolojia
- Ijumaa: kemia, kilimo
- Jumamosi asubuhi: hisabati, kisha kujipima kwa maswali ya wiki nzima
- Jumapili: mapumziko

Kila somo la kuchagua linarudi mara mbili na hisabati mara tatu. Taa ya sola ikizimika mapema, hamisha kipindi kimoja kiwe alfajiri. Usikope usingizi: anayelala saa nne darasani hajaokoa muda.

Kwa wazazi

Kuteka maji na kuchunga mifugo ni sehemu ya maisha yetu, na hakuna anayesema mtoto aache. Tunachoomba ni saa moja na nusu kila jioni isiyoguswa, kwa mvulana na msichana sawasawa. Mara nyingi msichana ndiye anayeanza kusoma wakati kila mtu ameshalala.

Hata kama hukusoma kemia, unaweza kumsaidia. Mwambie kila jioni, "Hebu nieleze ulichojifunza leo." Akikueleza ukaelewa, amejipima bila kujua. Na katika kuchagua, toa ushauri lakini usimlazimishe kuifuata ndoto yako. Ni yeye atakayeketi na masomo hayo kwa miaka mitatu.

La kufanya wiki hii

Mwanafunzi: andika kazi mbili unazozitaka na masomo ambayo kila moja inadai. Mzazi: tembelea shule iliyo karibu ukiwa na yale maswali manne. Nyote wawili: ketini pamoja mlinganishe majibu kabla ya fomu kujazwa.