Muhogo wa Lobule na Zakatul-Fitri

Ugali wa muhogo tunaoula Lobule, ambao Walugbara huuita enyasa, ni mgeni hapa: muhogo ni wa Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika karne ya 16. Maswahaba hawakuujua. Hadithi ya Abu Said al-Khudri kuhusu Zakatul-Fitri inataja shayiri, tende, zabibu na maziwa yaliyokaushwa. Je, familia yenye unga wa muhogo tu itoe nini? Mashafi hutaka chakula kinachotolewa zaka ya mazao, na muhogo haumo. Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) aliona kila watu watoe chakula chao kikuu. Naelekea kwake: maskini apewe anachojua kupika. Ila muhogo mchungu ulowekwe na kuanikwa vizuri kabla ya kusagwa na kupimwa pishi. Sumu yake huua.